Jiko Lililolala Chini ya Jiwe

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, Kanyaruchinya, ulikuwa na ufa unaoingia kiganja. Haukuletwa na lava. Nyiragongo ilipotapika Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, moto ulikata barabara ya Rutshuru, ukala maelfu ya nyumba, ukafika Buhene na kusimama kabla ya kuugusa uwanja wa ndege wa Goma. Sisi ulitupita pembeni. Kilichotuvunjia nyumba ni matetemeko ya siku zilizofuata, usiku na mchana, hadi watu wakawa wanalala uani kwa kuogopa paa zao wenyewe. Tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Tuliporudi, nyumba ilikuwa bado imesimama, lakini kama mgonjwa aliyeegemea mlango.

Tulikusanya pesa mwaka mzima. Kiangazi cha 2022, mwezi wa saba, nikamwita fundi kutoka Munigi, kijana mpole mwenye mikono iliyokwaruzwa kotekote, maana huku kwetu fundi mwashi hapigani na udongo, anapigana na jiwe. Mpango wetu ulikuwa rahisi: kubomoa ukuta wa nyuma, kuongeza vyumba viwili, na kuingiza jiko ndani ili Mama asipike tena kwenye mvua. Nyumba yenyewe ni ya mtindo wa huku: msingi wa mawe ya volkano, kuta za mbao, manjanja, yaani mabati, juu. Baba yake baba yangu ndiye aliyeisimamisha, na kila aliyefuata aliitia kiraka chake.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mgongo mweusi wa lava, mrefu kama chukudu mbili, baiskeli zetu za mbao, zikilazwa moja baada ya nyingine, na unene wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole. Utotoni tulianika maharage juu yake. Hakuna aliyewahi kuuliza uko pale tangu lini. Kwa mtoto wa Kanyaruchinya, lava ni kama mvua au ukungu: ipo tu. Sasa ilisimama katika njia ya vyumba vipya, na fundi na msaidizi wake wakaanza kuivunja kwa nyundo na mtaimbo.

Siku ya tatu mlio wa nyundo ulibadilika. Mafundi wa jiwe husikia kabla ya kuona. Fundi akaacha kupiga, akaniita, akasema chini kuna uwazi. Tukainua kipande kipana kama meza. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu, umeiva kama tofali la tanuru. Juu ya udongo huo palikuwa na mafiga matatu mahali pake hasa, kama yalivyopangwa na mkono wa mtu. Kando yake, imefudikizwa, ilikuwa sufuria ya chuma, nzito, yenye masikio mawili, ukingo wake mmoja umepinda kidogo kuelekea ndani.

Msaidizi wa fundi alitaka kuitoa pale pale. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita barabarani kila asubuhi, na chuma kizito kina bei. Sikumlaumu, angekula kwa pesa hiyo. Nilimwomba tu angoje, nikaenda kumwita Mama.

Mama alikuja na kitenge kimefungwa kiunoni, akasimama juu ya shimo muda mrefu. Aliolewa katika nyumba hii mwaka 1975. Kisha akasema, polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia: "Eeh, mutoto wangu. Ile ni sufuria ya mama-mukwe. Tulikuwa tumeteleka maharage."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mgongo ule wa lava ni wa tarehe 10 Januari 1977.

Ilikuwa Jumatatu. Kwa karibu miaka 50 kabla ya siku hiyo, ziwa la lava lilikuwa likichemka ndani ya kreta ya Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 unaotuangalia kila tunapofungua mlango. Mwanajiolojia Haroun Tazieff, aliyefika huku tangu mwaka 1948, aliushuka mdomo wake mara kadhaa na kuutambulisha mlima huo kwa ulimwengu. Watu wa Bukumu, uchifu wetu, walikuwa wamezoea kuona wekundu wake angani usiku. Asubuhi ile, karibu saa nne, mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa likamwagika: takriban mita za ujazo milioni 20, katika muda usiofikia saa moja. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, na kwa hiyo ni nyepesi kutiririka kuliko lava za milima mingi duniani. Penye mteremko mkali ilikadiriwa kukimbia kilomita 60 kwa saa. Hesabu ya kwanza ya serikali ilitaja makumi ya wafu. Wengine walihesabu mamia. Mama yeye huwahesabu kwa nyumba: kwa fulani wote, kwa fulani wawili, kwa fulani alibaki mtoto aliyekuwa ametumwa maji.

Lava iliyo nyepesi hivyo inapopita haijengi kilima. Huacha ganda, na ndani ya ganda hubaki umbo la kilichokuwapo. Miti iliyozingirwa siku ile iliungua, ikaacha mirija ya mawe iliyosimama, na ukiingiza mkono ndani ya mmoja unagusa alama za magome. Kundi la tembo pia lilikamatwa kwenye mteremko wa kusini. Nyama ikaungua, lava ikapoa, na watafiti waliofika baadaye wakakuta mashimo yenye umbo la tembo ndani ya jiwe. Nilipolitazama jiko la bibi nilifikiria tembo wale. Kwetu umbo lilibaki na kitu chenyewe kikabaki pia, kwa sababu ulimi uliotufikia ulikuwa umeshachoka. Uligeukia jiko la nje, ukalifunika, ukasimama hatua chache kabla ya ukuta wa nyumba. Bibi alikuwa ameshawakokota watoto kuelekea barabarani. Alikufa mwaka 1989, na Mama anasema hakuitaja sufuria ile hata mara moja.

Nilimwambia fundi tusimame siku mbili. Alinikubalia, ila aliniambia jambo ambalo nimelishika: kwamba kila parseli aliyochimba kati ya Munigi na Kibati imempa kitu, na kwamba hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumsimamisha. Vikombe vya bati, vipande vya magari, kufuli zilizoungana na funguo zake. Vyote vimekwenda kwa mnunuzi wa chuma.

Wakati ule akili yangu ilikwenda Mombasa. Najua ni mbali, na ngome ya mawe ya matumbawe si nyumba ya mbao. Lakini kisa cha Ngome ya Yesu ndicho kisa kikubwa kuliko vyote ninavyovifahamu, katika nchi zinazosema Kiswahili, cha jengo kuukuu lililorekebishwa likaanza kusema. Wareno waliijenga kuanzia 1593 kwa michoro ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimbatiza na kumwita Dom Jerónimo, aliiteka na kumuua kapteni wake. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33 ya njaa na maradhi. Wakaja Wamazrui, akaja Seyyid Said mwaka 1837, na kuanzia 1895 Waingereza wakaifanya gereza. Kwa zaidi ya miaka 60 jengo hilo lilijazwa seli na kuta za wafungwa, na kila tabaka la chokaa lilifunika lililotangulia.

Mwaka 1958 wafungwa walihamishwa. Ilipatikana fedha kutoka mfuko wa Gulbenkian wa Ureno, na kazi akapewa James Kirkman, ambaye tangu 1948 alikuwa akichimba magofu ya Gedi. Majengo ya gereza yakaanza kuondolewa, na chini yake ikatoka misingi ya kanisa la Wareno na nyumba ya kapteni, vigae vya Kichina, mizinga, na ukuta mmoja ambao mabaharia na askari waliuchora kwa rangi nyeusi na nyekundu: meli, samaki, majengo, watu. Hawakuwa wachoraji. Walikuwa vijana waliochoka, mbali na kwao, wanachora walichokikumbuka. Ukuta ule leo unaonekana makumbushoni pale, na ngome yenyewe iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Kinachonigusa katika kisa hicho ni bahati ya wakati. Chokaa ilipoanguka palikuwa na mtu aliyesimama pale akiwa na kalamu, na palikuwa na pesa ya kumruhusu fundi aweke nyundo chini. Kanyaruchinya hatuna Gulbenkian. Tuna fundi anayelipwa kwa siku, na mvua inayokaribia, na mama mzee ambaye anataka paa. Kwa hiyo kalamu lazima iwe ya mwenye nyumba mwenyewe. Nilichukua daftari la shule la mwanangu, nikachora jiko lilivyokaa, nikapima kwa utepe wa fundi: kutoka figa hadi figa, kutoka jiko hadi ukuta, unene wa lava juu yake. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akinieleza mlango wa jiko ulielekea wapi.

Kisha tukaendelea kuvunja, lakini sasa nyumba nzima ilikuwa imebadilika machoni pangu.

Mbao za ukuta wa nyuma zilipong'olewa, ndani yake tukakuta viraka vya bati vilivyokuwa makopo ya mafuta ya kupikia, yamekatwa, yakanyooshwa kwa nyundo, yakapigiliwa misumari. Bado yalikuwa na herufi: USA. Hayo nayajua mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mtoto mkubwa. Ni ya Julai 1994, wakati watu wapatao 800,000 au zaidi walipovuka kutoka Rwanda katika siku chache na barabara yetu ikawa mto wa watu kwenda Kibumba, mahali pasipo na chemchemi hata moja. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ndani ya mwezi. Jiwe hili hili lilikataa kuchimbwa makaburi, ikabidi wanajeshi wa Ufaransa walete matinga. Makopo ya msaada yalipokwisha mafuta yaligeuka sarafu: yakanunuliwa, yakauzwa, yakawa milango na kuta za Goma nzima. Baba alinunua yetu kwa ndizi. Kambi za Kibumba na nyinginezo zilivunjwa na vita vya mwishoni mwa 1996, lakini makopo yake yalizuia upepo katika chumba nilicholala hadi nilipooa.

Chini ya sakafu ya sebule, kwenye pembe, ilitoka sarafu moja ya sengi 10, ya alumini, yenye chui, ya mwaka 1967. Pesa ya Zaire ilianza mwaka huo, kabla nchi yenyewe haijabadilishwa jina mwaka 1971. Mwanangu aliishika akauliza inanunua nini. Mama akacheka, akasema hata wakati ule haikununua kitu.

Juu ya dari, ndani ya kopo la maziwa, kulikuwa na kijitabu cha babu cha wakati wa Wabelgiji. Jina, uchifu, kijiji, na mihuri ya kodi, mwaka baada ya mwaka. Kilikuwa kimeliwa na mende pembeni lakini mihuri ilisomeka. Kijitabu kile kilikuwa kamba shingoni: bila muhuri wa kodi mtu alikamatwa njiani. Nilitamani kukutana na kitu cha nyuma zaidi, cha vita vya 1914 hadi 1916, maana Wajerumani walikuwa Gisenyi, Wabelgiji Goma, na Jenerali Tombeur aliweka makao yake Kibati, mwendo mfupi kutoka mlangoni petu, kabla ya kuamuru mashambulizi ya Aprili 1916 yaliyofika Kigali Mei na Tabora Septemba. Wapagazi wa vita vile walikuwa zaidi ya 200,000, na mizigo ya upande huu ilipita hapa hapa. Chini ya lava yetu palikuwa na udongo tu, na mizizi iliyogeuka mkaa.

Niseme pia jambo ambalo fundi alinifundisha na ambalo kila anayechimba huku alijue, kwa kuwa kuvumbua si mchezo. Shimo linalozidi kiuno haliingiwi asubuhi mapema kabla upepo haujaanza. Hewa nzito ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kulala mabondeni na mashimoni. Sisi huiita mazuku, na wanasayansi wa volkano duniani kote wameazima neno letu hilo hilo. Haina rangi. Mbuzi huanguka kwanza, kisha mtoto aliyemfuata. Na chuma kisichojulikana hakipigwi nyundo. Mwezi wa nane 2013 jeshi na waasi wa M23 walipigana kwa mizinga kwenye vilima vya Kibati, na si kila kilichorushwa kililipuka. Fundi wangu huzungushia kamba mahali penye chuma cha aina hiyo, anaacha kazi, anakwenda kuita wanaohusika. Anapoteza siku nzima ya malipo. Nampa heshima yangu yote.

Nilipomaliza kuorodhesha, nilikuwa na vitu vinane kwenye meza, kila kimoja na kikaratasi chake. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Rais Mobutu kuunda taasisi ya makumbusho ya taifa. Mobutu huyo huyo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa Oktoba 1973 akadai vitu vya Waafrika virudishwe, na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ikarudisha kati ya 1976 na 1982 vitu 114 kutoka hazina yake ya mambo ya jadi. Baadhi viliibwa tena baadaye. Na mfupa wa Ishango, uliochimbwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin katika Kivu yetu hii, chini ya majivu ya volkano, wenye mikwaruzo iliyopangwa miaka ipatayo 20,000 iliyopita, uko Brussels. Ninaunga mkono kila anayedai vitu hivyo. Lakini nikiwa na sufuria mezani niliona kwamba macho ya sheria na ya makumbusho yameelekea kinyago na mfupa. Sufuria ya mwanamke aliyekuwa akipika maharage siku ya Jumatatu haiingii katika hesabu yao, na ndiyo hiyo inayonieleza 1977 ilikuwa nini: kazi ya asubuhi iliyokatwa katikati.

Kikaratasi chake niliandika: *Sufuria ya chuma. Jiko la nje. Chini ya lava ya 10.1.1977. Ilikuwa na maharage.* Niliisugua kwa mchanga, nikaipaka mafuta isishike kutu, nikaiweka juu ya kabati katika chumba kipya. Vyumba vilikwisha mwezi wa tisa.

Mwisho wa mwezi wa kumi, 2022, vita vilirudi. M23 walipoingia Rutshuru na Kiwanja, kisha wakashuka kuelekea Kibumba, watu walimiminika Kanyaruchinya kama walivyomiminika mwaka 2012. Safari hii walikuwa wengi zaidi. Walilala shuleni, kanisani, kando ya barabara, juu ya lava tupu, chini ya vipande vya turubai visivyofunika miguu. Hema halishiki kwenye jiwe. Hakuna pa kupigia kigingi. Kwetu walikaa watu 14, kwenye vyumba vile viwili ambavyo chokaa yake ilikuwa bado inanuka.

Mmoja wao alikuwa mwanamke wa Kibumba, na watoto watano. Alitoka na mtoto mgongoni na mfuko wa maharage mabichi, kilo tatu labda, alizochuma njiani katika shamba lake mwenyewe. Hakuwa na cha kupikia. Jirani zetu wote walikuwa wameshaazimisha vyombo vyao.

Niliporudi jioni nilikuta mafiga matatu uani, na sufuria juu yake, inatokota. Mama alikuwa amekaa karibu na yule mwanamke, wanachambua mchele. Nilifungua kinywa. Mama aliniangalia, akasema, "Ilikuwa imengoja sana."

Mwanamke yule alikaa nasi miezi mitatu. Alipoondoka kwenda kwa ndugu yake upande wa Sake, Mama alimfungia sufuria kwa kitenge chake mwenyewe, naye akaiweka kichwani. Nilimsindikiza hadi barabarani. Aliniambia chuma kile kinashika moto vizuri, ila ukingo uliopinda unamwaga ukipakua, inabidi upakue kwa upande mwingine.

Usiku ule nilichukua kikaratasi kilichobaki juu ya kabati, nikaongeza mstari mmoja kwa kalamu nyingine: *Imeondoka Februari 2023, kwenda Sake. Ipakuliwe upande wa kushoto.*